Dokta, nipe topiki: jinsi ya kufanya utafiti wako wa kwanza ukiwa mwanafunzi wa udaktari hapa Kigoma

Kila kundi la wanafunzi likija Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo, wiki haiishi kabla mmoja wao hajanisubiri nje ya wodi ya watoto, koti jeupe limekunjwa mkononi, aniambie: "Shikamoo, Dokta. Samahani, nilikuwa naomba unipe topiki ya risechi."

Simlaumu. Nami niliomba hivyo hivyo nikiwa mwaka wa nne. Chuo kinataka ripoti ya utafiti, msimamizi ana wanafunzi wengine wengi na simu yake haipatikani, na wewe kichwani una farmakolojia, raundi ya asubuhi na nauli ya kurudi nyumbani. Unatafuta mtu akupe topiki umalize. Ila nguo ya kuazima haisitiri. Topiki ya kupewa utaichoka kabla hujafika faili la ishirini, na mwanafunzi aliyeichoka topiki ndiye anayejikuta anajaza madodoso mwenyewe usiku bwenini. Hilo ni kosa kubwa, maana kuna mtu siku moja atatibiwa kwa kufuata namba ulizozitunga.

Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wale wanaokubali kukaa nami nusu saa kwenye benchi la nje ya wodi. Wawe wa MD, yaani shahada ya udaktari, au wa diploma ya utabibu, maneno ni yale yale.

Swali liko wodini

Anza kwa kuijua habari ya mkoa huu. Katikati ya miaka ya 1980, akina mama waliokuwa wakifariki kwa sababu za uzazi katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma walifikia kiwango cha 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa uzazi aliyekuwa akifanya kazi hapa, alianza kwa kurudi kwenye kumbukumbu za mwaka 1984 hadi 1986. Jambo moja lililoonekana mapema ni kwamba kumbukumbu zenyewe zilikuwa na mapengo makubwa. Kuanzia 1987 yakafuata mambo 22 ya kurekebisha: vikao vya mara kwa mara vya kupitia vifo, damu ya kuongezewa wagonjwa, ratiba ya matengenezo ya vifaa, umbali wa watumishi muhimu kutoka nyumbani hadi hospitali, kitengo kidogo cha kutengeneza dripu, malalamiko ya wananchi kuhusu huduma, na mengine ya aina hiyo. Kufikia 1991 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 186. Yeye na Staffan Bergström wa Sweden wakachapisha matokeo hayo mwaka 1995 katika jarida la Health Policy and Planning.

Itafute makala hiyo uisome polepole, kalamu mkononi. Mimi huwasomesha wanafunzi kwa makala hiyo kabla ya kitabu chochote cha mbinu za utafiti, kwa sababu imetoka kwenye majengo wanayoyapita kila siku. Ukiisoma, jiulize mambo mawili. La kwanza: asili, ile namba ya chini ya sehemu, ni ipi? Ni vizazi hai vya hospitalini, kwa hiyo mama aliyefia nyumbani kijijini au njiani ndani ya boti hayumo. La pili: hospitali ikianza kuandika vifo vizuri kuliko zamani, kiwango kwenye karatasi hupanda au hushuka? Kwa kawaida kitapanda kwanza, maana vifo vilivyokuwa havihesabiwi sasa vinahesabiwa. Hapa kilishuka huku uandishi ukiwa umewekewa mkazo, na hilo linayapa matokeo uzito zaidi. Ukiweza kuwaza hivyo juu ya makala moja, umeshaanza kuwa mtafiti.

Wanafunzi wa utabibu mara nyingi huniambia utafiti ni wa madaktari. Hapana. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa hospitali 14 za wilaya za Mwanza na Kigoma uliopima ubora wa upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi, wale tuliozoea kuwaita AMO. Hoja ilikuwa kama mtu asiye na shahada ya MD anaweza kumpasua mama salama, na takwimu zikaonyesha hakukuwa na tofauti ya maana kati yao na madaktari wenye shahada. Watu wa kada yako ndio waliokuwa kiini cha utafiti huo. Hakuna sababu wasiwe pia waulizaji.

Basi nunua daftari dogo linaloingia mfukoni mwa koti. Kwa wiki mbili andika kila kitu kinachokukera au kukushangaza wodini, hata kama ni kidogo. Usisome makala bado. Mmoja wa wanafunzi wangu alirudi na mistari kama hii: "Mtoto kaletwa na boti, kafika kapauka, himoglobini 3." "Damu ilipatikana baada ya saa ngapi?" "Mama wa bed 6 anasema alipewa dawa ya malaria duka la dawa, hakupimwa." "Dozi ya pili ya atesuneti, nani anakumbusha usiku?" Atesuneti ni sindano ya kutibu malaria kali, na himoglobini 3 ni damu iliyopungua mno. Kila mstari hapo ni utafiti mzima umejikunyata.

Kisha chukua mstari mmoja uupe mwili: nani, kitu gani, kikilinganishwa na nini, wapi, lini. "Malaria Kigoma" si swali. "Kati ya watoto chini ya miaka mitano waliolazwa kwa malaria kali katika hospitali hii kuanzia Januari hadi Juni, wangapi walipata dozi ya pili ya atesuneti saa 12 baada ya ya kwanza?" Hilo ni swali. Lina mwisho. Unajua utakapoanzia na unajua siku utakayokuwa umemaliza.

Nakusihi uachane na dodoso la uelewa, mtazamo na mienendo kwa wanafunzi wenzako. Najua ni rahisi, unalipeleka kwenye kundi la WhatsApp na jioni majibu yameshafika. Lakini ukishajua kwamba wanafunzi wengi wanafahamu chandarua kinazuia malaria, nani atafanya nini na taarifa hiyo Jumatatu asubuhi? Kwenye rafu za chumba cha kumbukumbu kuna mafaili ya watoto halisi ambayo hakuna aliyeyafungua tangu siku waliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Soma kiasi, upate ruhusa

Kusoma kusikumeze. Makala kumi zilizosomwa vizuri zinatosha kuanzia. PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure. Tafuta zile ambazo makala nzima imewekwa wazi. Uliza maktaba ya chuo chako kama ina Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi kama yetu. Jarida la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, liitwalo Tanzania Journal of Health Research, usiliruke, humo utakuta waliouliza maswali yanayofanana na yako wakiwa na dawa zilezile na uhaba uleule.

Kwa swali letu la malaria, unahitaji vitu viwili vya nyuma yake. Ukubwa wa tatizo: uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta takriban asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 mkoani Kigoma wana vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Mwaka 2022 Tabora ndiyo ikawa juu, asilimia 23. Na sababu ya dawa: jaribio la AQUAMAT lililochapishwa 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, kati ya waliopewa atesuneti, 8.5. Ndiyo maana leo unachoma atesuneti saa 0, saa 12 na saa 24. Ukishaandika hayo kwa maneno yako, utangulizi umeisha. Sitaki kurasa kumi na tano zinazoanza na "Malaria ni ugonjwa unaoenezwa na mbu".

Ruhusa anza kuishughulikia mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu karatasi hutembea taratibu. Andiko lako lipite kamati ya maadili ya chuo. Ukishapata cheti chao, barua ya utambulisho iende ngazi ya mkoa na kwa mganga mfawidhi wa hospitali, nawe uende mwenyewe, kwa miguu yako, ukamweleze kwa dakika tano unachotaka kufanya. Kisha mwone muuguzi kiongozi wa wodi. Kisha mtunza kumbukumbu. Huyu wa mwisho wengi humruka, na ndiye mwenye funguo. Mwamkie, mweleze, mwulize siku ambayo hana foleni ya wagonjwa. Utafiti wa kujaribu dawa kwa watu ni wa kibali cha kitaifa cha NIMR na si wa kuanzia. Kambi za wakimbizi kama Nyarugusu nazo zinavutia, maana mambo mengi yametokea huko, lakini kuingia tu kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa utafiti wa kwanza, baki wodini.

Na tafadhali, simu isipige picha faili la mgonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, huyo ni mtoto wa mtu. Mpe kila mgonjwa namba yako: 001, 002. Orodha inayounganisha namba hizo na namba za mafaili ikae kwenye daftari moja lililofungiwa kabatini, na isiingie kwenye kompyuta ile ile yenye data.

Karatasi ya kukusanyia, na kisa cha saa mbili na nusu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tafiti za wanafunzi hufia.

Tengeneza ukurasa mmoja wa kukusanyia taarifa. Mmoja. Kila kitu unachokiandika kijibu swali lako. Kama hujui utakitumiaje, kifute. Umri, uzito, kijiji, namna alivyofika, tarehe na saa ya kufika, saa ya dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, alivyotoka. Jaribu kwenye mafaili kumi kwanza, halafu simama urekebishe ukurasa wako kabla hujaendelea.

Umri andika kwa miezi. Kwenye mafaili yetu mtoto wa miezi miwili huandikwa 2/12. Ukiandika hivyo kwenye Excel, programu inadhani ni tarehe na inaibadilisha, na wewe unakuja kushtuka wiki ya kuchakata umebaki na watoto wenye umri wa "2-Dec".

Sasa kisa chenyewe. Nilikuwa mwanafunzi, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, na swali langu lilikuwa hilo hilo la dozi za malaria kali. Nilikuwa nakaa chumba cha kumbukumbu kila Jumamosi, dirisha moja, vumbi la karatasi, feni haizunguki. Nikakuta faili la mtoto wa kilo 11. Dozi ya kwanza: 20:30. Dozi ya pili: 2:30. Nikaandika tofauti ya saa sita. Faili jingine: dozi ya kwanza 3:00, ya pili 21:00. Saa kumi na nane. Kadiri nilivyoendelea, ndivyo picha ilivyozidi kunitisha: watoto wengine wanachomwa mapema mno, wengine wanacheleweshwa. Nilianza kuandika rasimu ya ripoti yenye maneno makali kuhusu wauguzi. Nilikuwa nimeshafika ukurasa wa nne.

Jioni moja nikapeleka baadhi ya namba hizo wodini kumwuliza sista mmoja mtu mzima, aliyekaribia kustaafu. Aliishika karatasi yangu mbali kidogo na macho, akaiangalia kwa muda. Akasema, "Mwanangu, hii mbili na nusu ni ya asubuhi. Saa mbili na nusu. Huyu ameandika saa zetu."

Nilikaa chini. Muuguzi wa usiku alikuwa ameandika 20:30 kwa saa za mfumo wa 24. Aliyempokea asubuhi aliandika 2:30 akimaanisha saa mbili na nusu asubuhi, yaani 08:30. Saa kumi na mbili kamili. Mtoto alichomwa kwa wakati. Yule mwingine, 3:00 yake ilikuwa saa tatu asubuhi, 09:00, na dozi ya pili 21:00. Kumi na mbili tena. Wauguzi niliokuwa nawashitaki kwenye ukurasa wa nne walikuwa wamefanya kazi yao sawasawa.

Wengi nikiwasimulia hivyo hudhani dawa ya tatizo ni rahisi: toa au ongeza saa sita, mambo yakae sawa. Sivyo. 2:30 kwenye karatasi inaweza kuwa 02:30, 08:30, 14:30 au hata 20:30, kutegemea aliyeshika kalamu. Mtego mkubwa zaidi ni huu: ukikuta saa isiyoeleweka, mkono utakuvuta uchague ile inayolingana na mwongozo. Usithubutu. Kama unapima ni wangapi walichomwa saa 12 baadaye, halafu kila palipo na shaka unaandika 12, umejipimia jibu lako mwenyewe.

Nilichofanya, na ninachokushauri: tafuta ushahidi ulio nje ya karatasi ya dawa. Sahihi ni ya nani, na rosta ya zamu inasema alikuwa asubuhi, mchana au usiku? Chati ya joto imeandikwa saa ngapi na mkono uleule? Daktari wa raundi aliandika nini siku hiyo? Andika kanuni hiyo kwenye daftari lako la utafiti kabla hujaitumia, pamoja na tarehe, kisha ifuate kwa mafaili yote bila kubagua. Ikishindikana, andika "haijulikani", na hesabu hizo "haijulikani" uziripoti waziwazi. Ilinibidi nianze upya kutoka faili la kwanza. Jumamosi nyingi zilipotea, na sizijutii hata moja.

Kwenye milima ya Gombe, kaskazini ya mji wetu, Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, na mpaka leo wasaidizi Watanzania wanatembea nao msituni wakiandika walichokiona. Nikiwatuma wanafunzi kwenye mafaili nawaambia wawe kama wale: andika ulichokiona. Unachodhani kiandike kwenye safu nyingine, kwa kanuni yake.

Mafaili yasiyoonekana

Chukua orodha ya wagonjwa kutoka kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) cha wodi, kile namba 14 cha waliolazwa, halafu ndipo uende kutafuta mafaili. Usianzie rafuni. Ukianzia rafuni utachukua yaliyopo tu na hutajua kamwe yasiyokuwepo.

Tuseme kitabu kina majina 100 na umepata mafaili 80. Swali linalofuata ni: wale 20 ni akina nani? Hospitali nyingi mafaili ya waliofariki huondolewa rafuni yapelekwe kwa ajili ya kikao cha kupitia vifo, na wakati mwingine hubaki ofisini kwa mtu. Kwa hiyo ukihesabu 80 zako ukasema hakuna vifo vingi, umehesabu walionusurika. Ulizia kwa upole: "Mafaili ya vifo yanakaa wapi?" Mara nyingi yapo, kwenye boksi chini ya meza, na hakuna anayekukatalia ukiwa na barua. Yasipopatikana, kitabu cha wodi angalau kitakupa umri na matokeo ya hao 20, uweze kusema kama wanafanana na wale 80.

Kuhusu idadi ya wagonjwa wa kuchunguza: usiandike 384 kwa sababu kila mtu ameandika 384. Namba hiyo inatoka kwenye fomula, ukidhani kiwango ni asilimia 50 na ukikubali makosa ya asilimia 5 huku au kule. Ukikubali asilimia 10, fomula ile ile inakupa 96 na ushee, unachukua 97. Kama hospitali ililaza watoto 120 wa malaria kali kwa miezi yako sita, chukua wote 120 na uache fomula. Mwambie mwalimu wa takwimu swali lako kabla ya kukusanya data. Ukimwendea baada, mara nyingi atakuonyesha tu kitu ulichosahau kuuliza.

Uchakataji wa utafiti wa namna hii ni mwepesi kuliko unavyoogopa: asilimia, wastani, kulinganisha makundi mawili. KoboToolbox ya kuingizia data ni bure, R ya kuchakata ni bure, Zotero ya kutunza marejeo ni bure. Ingiza mafaili machache mara mbili, siku tofauti, ulinganishe. Utaona unavyokosea ukiwa umechoka.

Kuandika, majina, na kurudisha

Andika sehemu ya mbinu ungali unakusanya, maana baada ya mwezi utakuwa umesahau kwa nini uliruka faili la 43. Programu za akili mnemba zinaweza kukunyooshea lugha, lakini zimeshawahi kuniletea marejeo ya makala ambazo hazipo duniani. Kila rejeo ulifungue mwenyewe, ulione kwa macho.

Suala la majina ya waandishi lizungumzwe siku ya kwanza, hata kama unaona haya mbele ya mkubwa. Nikiwa mwanafunzi nilimkusanyia mtu data kwa miezi mingi, na makala ilipotoka jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani. Niliumia. Lakini sikuwa nimeuliza chochote, na hapakuwa na maandishi. Wahariri wa majarida ya tiba duniani wana vigezo vyao: mwandishi ni yule aliyechangia wazo au data au uchambuzi, akaandika au akahakiki andiko, akaipitisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kujibu kwa ajili yake. Uliza kwa adabu: "Dokta, nikishiriki hadi mwisho, jina langu litakaa wapi?" Msimamizi mwema hatachukia. Na mtunza kumbukumbu aliyekushushia mafaili yale yote aandikwe kwenye shukrani, kwa idhini yake.

Jarida linalokutumia barua pepe likikusifu na kukutaka ulipe haraka ili uchapishwe ndani ya siku tatu, likimbie. Mwonyeshe msimamizi kwanza.

Wanafunzi wengine wamewahi kuona kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla yao. Paul Langerhans alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa udaktari Berlin, alipoeleza mwaka 1869 vile visiwa vidogo ndani ya kongosho vinavyobeba jina lake mpaka leo. Jay McLean alikuwa mwaka wa pili wa udaktari huko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alipokuta mwaka 1916 kitu kilichozuia damu kuganda, na kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya heparini. Nakwambia haya ujue umri na cheo havikuzuii kuona. Lakini dozi ya pili ya atesuneti inatosha kabisa kuwa utafiti wako.

Kabla hujaondoka Kigoma, rudisha ulichokipata. Omba dakika kumi kwenye kikao cha asubuhi. Ukurasa mmoja, jedwali moja, hakuna jina la muuguzi wala daktari, hakuna neno la kulaumu. Sema walivyofanya vizuri kwanza kama namba zinaonyesha hivyo, halafu sema palipo na pengo. Mimi nilipomaliza kuwasilisha yangu, sista yule aliyekaribia kustaafu ndiye aliyenyosha mkono wa kwanza. Hakuuliza kuhusu malaria. Aliomba kila karatasi ya dawa ya wodi ile iandikwe juu kwa kalamu nyekundu: saa ziandikwe 00 hadi 24. Ilikubaliwa palepale, na wiki hiyohiyo nilimsaidia kuziandika, bunda zima, tukiwa tumekaa kwenye meza ya wauguzi baada ya dawa za saa kumi na mbili jioni.

Acha nakala ya ripoti kwa mganga mfawidhi, nyingine wodini, nyingine chumba cha kumbukumbu. Mafaili yote yarudi kwenye rafu zake, kwa mpangilio wa namba kama ulivyoyakuta.